Fuvu la Mkwawa lilirudi 1954, vya wengine vilivyochukuliwa vitani tunavidai vipi?

Binti_Lilinga

Habari za jioni wanajamvi. Uzi wangu mrefu kidogo mtanivumilia, hili jambo limenikaa kifuani wiki nzima.

Jumamosi nilimpeleka mwanangu makumbusho ya Kalenga. Ana miaka tisa, shuleni wameanza kusoma habari za mashujaa akawa kila siku mama nipeleke kwa Mkwawa, mama nipeleke kwa Mkwawa. Mliofika mnajua, lile fuvu la Mtwa, yaani chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liko ndani ya kioo. Mtoto akasogea akaweka kiganja pale kwenye kioo, akakaa hivyo muda, alipotoa mkono pakabaki ukungu wa vidole vyake vyote vitano. Akaniuliza mama, mbona huyu babu hawajamzika? Nikamwambia kichwa chake Wajerumani walikikata wakaenda nacho kwao, kikakaa huko miaka mingi ndo kikarudishwa. Na mwili? Mwili uko Mlambalasi. Akanyamaza, halafu akauliza, na wale wengine waliochukuliwa wamerudi wote?

Hapo nikaishiwa maneno. Maana mume wangu ni Mngoni, nimeolewa mwaka wa kumi na mbili huu, na kila tukienda Songea ukweni kuna babu mmoja wa ukoo, mzee sana, lazima aseme habari ya vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Anasema 1906 askari walipita kwao wakachoma nyumba na maghala ya chakula (njaa iliyofuata iliua watu kuliko risasi, hiyo kila mtu Songea ataikwambia) na wakaondoka na ngao na mkuki wa babu yake. Hana karatasi, hana picha. Ana jina la babu yake, jina la kijito walichokuwa wanachota maji, na jinsi ngao yenyewe ilivyokuwa, basi. Na Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano mwenyewe, ambaye mji wote umepewa jina lake, alinyongwa mwaka huohuo na wenzake zaidi ya sitini na inaaminika kichwa kilipelekwa Ujerumani, mpaka leo hakijaonekana.

Sasa naomba wanaojua wanisaidie. Kwa nini la Mkwawa lilirudi na mengine hayajarudi? Na mtu kama yule babu, hana chochote mkononi zaidi ya kumbukumbu, anaanzia wapi? Nataka nikienda Desemba nimpelekee jibu la maana, umri umeenda.

Mzee_wa_Nyaraka

Binti yangu, swali lako la kwanza nalijibu hivi: fuvu la Mtwa lilirudi kwa sababu liliandikwa kwa jina.

Habari ya Lugalo mnaijua, 17 Agosti 1891 Wahehe walikivunja kikosi cha ofisa wa Kijerumani Zelewski na yeye mwenyewe akafia palepale, Kalenga ikaja kuanguka 1894 kwa mizinga ya Wajerumani, Mtwa akaingia porini akawasumbua miaka minne mingine mpaka 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili wasimtie mkononi akiwa hai. Kichwa kikakatwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inaelekea mwisho, Byatt aliyekuwa anatawala huku kwa niaba ya Waingereza akawaandikia wakubwa wake kwamba lile fuvu lidaiwe, Wahehe wafurahi na wananchi waone kwamba nguvu za Mjerumani zimekwisha. Likaingizwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, limetajwa kabisa kuwa ni fuvu la Sultani Mkwawa na lirudishwe ndani ya miezi sita. Kifungu hichohicho ndicho kinachodai msahafu wa Khalifa Othman urudishwe kwa mfalme wa Hijazi. Waingereza hawakufanya kwa mapenzi, ilikuwa siasa yao, lakini jina likawa limeshaingia kwenye maandishi na Wajerumani wametia sahihi.

Hiyo miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini. Wajerumani wakawa wanajibu hawalioni. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Twining, akaenda mwenyewe Bremen, Ujerumani, akakuta makumbusho ina mafuvu kama 2,000 na kati ya hayo 84 ni ya huku kwetu. Wakachukua vipimo, wakalinganisha na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, wakachagua moja lenye tundu la risasi. 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, huyuhuyu aliyekuja kuwa Spika wetu wa Bunge. Wapo wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe maana rula na DNA ni vitu viwili, mimi hapo sitii neno, watu wa Kalenga wamelipokea na kulililia. Kinachoniuma ni kingine. Yale 83 yaliyobaki pale kwenye rafu nayo yalikuwa vichwa vya watu, wengine pengine ndugu zetu wa damu, na yalirudishwa kwenye kabati siku ileile kwa sababu hakuna aliyekuja na majina yao.

Kijana_Tsudunyi

Shikamoo Mzee wa Nyaraka. Dada pole na hongera kwa kumpeleka mtoto.

Mimi natokea Old Moshi. Kwetu kuna mti pale Tsudunyi wazee wanauonyesha kwamba ndipo Mangi (chifu wa Wachagga) Meli aliponyongwa 2 Machi 1900 pamoja na wenzake kumi na nane. Tukiwa wadogo tunapita pale kwenda shule bibi alikuwa anatuonya tukifika hapo tusipige kelele wala tusirushe mawe, hatukujua kwa nini, tukawa tunapita kimya tu tumeshikana mikono. Kichwa cha Mangi nacho kinasemekana kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alikitafuta miongo mingi, ameandika, ameuliza, mpaka uzeeni akakubali kutoa mate yake yapimwe DNA.

Septemba 2023 ile taasisi ya Berlin inayosimamia urithi wa Prussia ikatoa matokeo ya utafiti wake. Walikuwa na mafuvu 1,135 ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, katika hayo 904 wameona ni ya Rwanda, 202 ya Tanzania na 22 ya Kenya. Soma tena hizo namba taratibu, hao ni watu, na hapo ni makusanyo ya sehemu moja tu. Na sio wote waliuawa vitani, mengine waliyachimbua makaburini na kwenye sehemu watu walikohifadhi wafu wao. Kwa DNA wakapata familia za kwetu Kilimanjaro ambazo bado zipo hai, na fuvu moja likawa ni la Akida, aliyekuwa mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Walijuaje pa kuanzia? Fuvu lenyewe lilikuwa na maandishi, Akida. Yani lile neno moja ndilo lililowapeleka mpaka kwenye familia. Mangi Meli mwenyewe kwenye yale waliyopima hakuonekana, na sisi bado tunasubiri.

Kwahiyo Mzee yuko sahihi kabisa hapo kwenye jina.

Mbongo_Berlin

Dada Binti_Lilinga nakuja na mambo ya vitendo. Mimi niko Berlin, kazi yangu ni jikoni hotelini, sio msomi wa haya mambo ila miaka kama sita sasa siku zangu za off nashinda kwenye katalogi zao, ilianza kama kudadisi tu ikawa siwezi kuacha.

Makumbusho ya etnolojia ya Berlin ina maelfu ya vitu vya Tanzania. Sehemu kubwa ya katalogi iko wazi mtandaoni, huhitaji ruhusa ya mtu. Vitu vya Afrika Mashariki vina alama III E halafu namba, na mara nyingi hiyo namba utaiona imeandikwa kwa mkono juu ya kitu chenyewe, kwenye mpini wa mkuki au nyuma ya ngao. Ukishapata III E na namba yake umeshika pazuri, kuanzia hapo hawawezi kukwambia hatujui unaongelea nini.

Shida ni kutafuta. Ukiandika jina la babu hupati kitu, kwa sababu aliyeandika daftari hakumwandika babu, alimwandika ofisa aliyeleta. Kwahiyo unatafuta kinyumenyume, nani alikuwa na kikosi sehemu ile mwaka ule, halafu unaangalia huyo ofisa alileta nini na lini. Na majina yetu waliyaandika kwa masikio yao. Mkwawa utamkuta kama Quawa. Songea utaikuta Ssongea, s mbili. Moshi ni Moschi. Mimi nilitafuta Songea miezi miwili nikawa napata vitu vichache mno, siku niliyoongeza s moja ukurasa ukajaa nikasimama nikazunguka chumba kizima. Pia tafuta neno Kriegsbeute, maana yake nyara za vita, kuna vitu wao wenyewe waliviandika hivyo bila kuficha, wakati ule hawakuona aibu. Na kuna vingine vimeandikwa zawadi au vimenunuliwa lakini tarehe ni 1906 na mahali ni Ungoni, sasa jiulize mwenyewe, mtu nyumba yake imechomwa na watoto wana njaa anauza ngao kwa bei gani na kwa nani.

Kwa yule babu, kabla ya yote mrekodi. Simu yako inatosha. Mwache aseme kwa Kingoni, usimkatize, hata akirudia rudia. Jina la babu yake na majina mengine aliyokuwa anaitwa, kijito, jirani, jumbe alikuwa nani, ngao ilikuwa ya ng'ombe wa rangi gani. Ukimaliza andika, nakala moja ibaki kwenye familia na nyingine ipeleke Makumbusho ya Taifa Dar na ya Majimaji palepale Songea, mpokee akusainie. Huku ukija mtu binafsi wanakupokea vizuri na chai juu, lakini kurudisha kitu wanataka kusikia serikali ya nchi husika. Rais wao Steinmeier alikuja Songea mwenyewe Novemba 2023, akaomba msamaha mbele ya ukoo wa Mbano na akasema watasaidia kutafuta fuvu. Basi tuwape vya kutafutia.

Kibwana77

Nawasoma kwa makini na naheshimu uchungu wenu ila naomba niseme tofauti msinirukie. Vikirudi vinakaa wapi? Nimesoma shule moja ya zamani sana mkoa wa pwani, ofisini kulikuwa na ngoma kubwa ya zamani na kiti cha enzi cha jumbe, nimerudi miaka ishirini baadae nauliza naambiwa ngoma ilitolewa stoo mvua ikainyeshea, kiti hakuna anayejua. Hakuna vita pale, hakuna Mjerumani. Tuliviua wenyewe. Mimi nikiona video ya lile dinosaria la Tendaguru kule Lindi limesimama Berlin, mita 13 kwenda juu, najiuliza tungelipata leo tungeliweka wapi.

Mzee_wa_Nyaraka

Kibwana mwanangu sikurukii, hilo la ngoma limeniumiza na ni kweli yametokea sehemu nyingi. Ila hayo ni mambo mawili na usiyafunge kamba moja. Jirani akikuibia baiskeli, siku unaidai hakuulizi kwanza kama banda lako lina mlango. Ataleta baiskeli, na mlango wa banda ni aibu yetu tutaurekebisha, na tuurekebishe kweli, kuanzia kwenye stoo za shule kama hiyo yako. Tendaguru nako kuna mjadala wake, yale mifupa walichimba 1909 mpaka 1913 kwa migongo ya watu wa Lindi waliobeba mizigo mpaka pwani, miaka miwili tu baada ya Majimaji kuisha, nchi ileile ya kusini iliyokuwa imetoka kufa njaa. Siku nyingine tufungue uzi wake.

Kla_Jaja

Nachangia kidogo kutoka Kampala. 2024 Cambridge walituletea vitu 39, vya watawala na vya dini, vilichukuliwa enzi za ukoloni. Watu walienda kuvipokea kwa furaha. Lakini karatasi inasema ni mkopo, miaka mitatu kwanza halafu wataangalia. Dhahabu ya Waashanti ambayo Waingereza walipora Kumasi 1874 nayo mwaka huohuo ilipelekwa Ghana kutoka makumbusho mbili za London kwa mtindo uleule wa mkopo. Sheria yao inazuia makumbusho hizo kuachia vitu, wanasema. Nigeria Wajerumani walifanya vizuri zaidi, 2022 walihamisha umiliki wenyewe wa sanamu za shaba za ufalme wa zamani wa Benin zaidi ya 1,000 na vingine waliacha vikae Ujerumani kwa mkopo, safari hii mkopeshaji ni Mnigeria. Kwahiyo ndugu zangu wa Tanzania mkikaa mezani mwulize kwanza umiliki ni wa nani, usafiri wa kitu uje baadae.

Aliyetoka_Khartoum

Assalam alaykum na habari zenu nyote. Mimi nataka niongeze upande wa kulinda, kwa sababu hii imenikuta kwa macho.

Nilikuwa nasoma Khartoum, ni katika wanafunzi waliotolewa kwa mabasi Aprili 2023 vita vilipoanza, tukapitia Ethiopia. Kabla ya hapo Ijumaa jioni nilikuwa napenda kwenda makumbusho ya taifa, iko karibu na pale Mto Nile mweupe na wa buluu inapokutana. Bustanini wamejenga upya mahekalu ya Wanubi yaliyotolewa jiwe kwa jiwe miaka ya sitini ili maji ya bwawa la Aswan yasiyameze. Mlangoni alikuwa amesimama Taharqa, mfalme mweusi aliyetawala mpaka Misri, jiwe kubwa, shingo lazima uinue. Nilikuwa nakaa pale chini yake nasoma notisi zangu kwa sababu kuna kivuli na upepo wa mto. Jeshi liliporudi Khartoum Machi 2025 walikuta makumbusho imekombwa, makabati yamevunjwa, stoo zimefunguliwa, dhahabu haipo. Yaliyobaki ni yale mazito ambayo mwizi hawezi kubeba. Nilipoona picha nililia kama nimefiwa.

Sasa linganisheni na Baghdad 2003. Pale nako walipora, vitu kama 15,000 viliondoka. Lakini kabla ya vita watumishi watano walivitoa vitu 8,366 kwenye makabati ya maonyesho wakavificha sehemu wanayoijua wao tu, wakaapa kwa msahafu kwamba hawatasema mpaka nchi itulie. Hata Wamarekani walipowauliza hawakusema mara moja. Vyote vile vilikutwa salama. Na Timbuktu kule Mali, mji ulipotekwa na waasi 2012, watu wa maktaba walipakia miswada kwenye masanduku ya bati wakaitoa usiku kidogo kidogo, kwa gari, kwa mitumbwi, mpaka Bamako. Hao hawakusubiri mtu wa UNESCO aje. Mkataba wa Hague wa 1954 wa kulinda mali za utamaduni vitani upo na ni mzuri, na aliyevunja makaburi ya Timbuktu alihukumiwa kifungo cha miaka tisa na mahakama ya kimataifa ya jinai, ICC, 2016, lakini siku risasi zinapolia ni yule mtunza funguo ndiye yupo pale.

Na kitu kikishaibiwa, polisi wa Dubai au London watakuuliza picha. Mfano ile ngao, kama ingekuwa bado ipo kwa babu ningekwambia leo piga picha mbele, nyuma, ubavuni, weka rula pembeni yake, na ile sehemu yenye kasoro, mpasuko au alama ya kuungua, ipige peke yake kwa karibu, maana ngao zinafanana lakini kasoro hazifanani. Kibwana na ile shule yako fanya hivyohivyo kwa vilivyobaki. Misikiti ya pwani yenye misahafu ya mkono na milango ya kuchonga, hivyohivyo. Dakika ishirini kwa kitu kimoja.

Kibwana77

Aliyetoka Khartoum nimekuelewa kaka, pole sana. Shuleni kuna kengele ya meli na vinyago viwili bado vipo, nitaongea na mwalimu mkuu likizo hii nipige picha.

Binti_Lilinga

Jamani asanteni, nimesoma yote nikarudia. Mzee shikamoo, mwanangu nimemweleza ile ya 83 akauliza sasa nani ataenda kuwauliza majina yao.

Sikusubiri Desemba. Jana mume wangu alipiga simu Songea, shemeji akamshikia babu simu, tukaweka spika mezani nikarekodi kwa simu nyingine. Dakika arobaini na tano. Mambo aliyosema sijawahi kuyasikia miaka yote hii, labda kwa sababu hatukuwahi kumuuliza tunamwacha tu aseme. Ngao ilikuwa ya ngozi ya fahali mweusi, ina baka jeupe chini upande wa kushoto ukiwa umeishika, na juu karibu na fimbo ya katikati kulikuwa na tundu lililoshonwa kwa kano, babu yake alichomwa mkuki pale kwenye vita vya zamani kabla ya Wajerumani hajazaliwa hata baba yake, akaishona mwenyewe akakataa kutengeneza nyingine. Halafu akataja mzungu aliyekuja na askari, alimwita kwa jina la kupanga la Kingoni, jina lake halisi haijui, ila alikuwa anachechemea.

Mbongo_Berlin nimekutumia inbox. Jina la babu nimeliandika jinsi sisi tunavyoandika na namna nne nyingine ambazo mume wangu anahisi Mjerumani angeweza kulisikia, kijito vilevile. Ukiona kwenye III E ngao yoyote nyeusi ya Ssongea yenye baka jeupe, angalia kama nyuma ya lile tundu kuna ushono.